Kikomo Alichokiweka Mageni

Mageni alihariri tangazo la kifo cha mama yake mwenyewe. Nilikuwapo, maana mimi ndiye niliyelisoma. Alivaa visikilizio, akasikiliza toka mwanzo hadi mwisho, akaondoa kikohozi changu kilichoangukia katikati ya jina la shangazi yake, akaliwekea namba na kulipanga kwenye foleni ya saa moja asubuhi. Kisha akageuza kiti akaniambia, "Mama Davis, wiki hii nitaomba ruhusa ya siku nne." Ndipo nilipojua marehemu ni nani. Jina nilikuwa nimelisoma kwa sauti yangu mwenyewe, vizuri kabisa, na halikuwa limeniingia.

Nasema haya mapema ili msije mkadhani huyu dada ana roho ya jiwe. Hana. Ni kazi. Redio yetu ni ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la pembejeo hapa Shinyanga mjini, na ukweli ambao meneja wetu Bwana Mwita hapendi kuusikia ni kwamba watu hawatusikilizi kwa sababu ya muziki. Wanatusikiliza kwa sababu ya vifo. Ikifika saa moja kamili asubuhi, wakulima wa pamba na wachunga ng'ombe wa Kishapu, wachimbaji wa Mwakitolyo, wenye maduka hadi kule Buzwagi, wote wanaongeza sauti kidogo. Matangazo yakiisha wanaipunguza, na wengine wanazima kabisa ili wasimalize betri.

Mimi nimevisoma vifo hivyo kwa miaka kumi na moja. Mageni ameviandika na kuvipanga kwa miaka sita. Kwa siku ni vinne au vitano. Mwaka wa kwanza unalia pamoja na wafiwa. Mwaka wa pili unaanza kuona makosa ya herufi. Ukifika wa tatu unakula chipsi mayai huku unapunguza kelele za upepo kwenye tangazo la mtoto wa mtu, na ukiulizwa leo yalikuwa mangapi unataja idadi bila kukumbuka jina hata moja. Mimi hilo liliwahi kuniogopesha. Mageni nilipomuuliza kama linamwogopesha, alisema hajui, akaendelea kula.

Ni mtoto wa Kishapu, wa tano kwa wazazi waliolima pamba mpaka pamba yenyewe ikawachoka. Alisomea umeme, akatengeneza simu kwenye kibanda cha stendi ya Kahama kwa miaka mitatu, kisha akaja kwetu siku moja kurekebisha kipaza sauti na hakuondoka. Ana miaka thelathini na minne. Amepanga chumba nyuma ya soko, hana deni na mtu wala ugomvi na mtu. Haongei bila sababu. Ukimsalimia ana kwa ana atakuitikia kwa adabu zote, ukimsalimia kwa mbali atatikisa kichwa, basi. Kitu kimoja tu kilikuwa kinampandisha hasira, nacho ni kompyuta kuganda hewani.

Na kompyuta yetu ilikuwa inaganda. Ilitoka kwenye mnada wa samani za ofisi moja iliyofungwa, nzito, ya zamani, kumbukumbu yake gigabaiti nne. Ndani yake kuna programu inayorusha nyimbo, matangazo na taarifa zote kwa mpangilio bila mtu kushika kitu. Aliyetuuzia ni fundi mmoja wa Mwanza, ambaye tangu siku ile simu zetu hapokei. Programu ilikuwa nzuri kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo Mageni alinieleza tukiwa tunakula, kwa sababu nilimsumbua mpaka akakubali kunieleza.

"Hii meza ndiyo kumbukumbu," alisema. "Lile kabati ndiyo diski. Kila wimbo na kila tangazo viko kabatini. Programu inatoa kimoja, inakiweka mezani, inakirusha. Ikimaliza inatakiwa ikirudishe. Sasa hii yetu hairudishi. Inakiacha hapo hapo, inaleta kingine. Mwisho meza inajaa, hata pa kuweka kijiko hapapo. Ndiyo kuganda kwenyewe."

"Si useme irudishe?"

"Ningekuwa nimeiandika mimi, ningeiambia."

Meza ikijaa, kila kitu kilisimama. Hata kile kishale cha kwenye kioo kilikuwa hakisogei. Dawa ilikuwa kuchomoa waya ukutani na kungoja dakika kumi, redio ikiwa kimya, Bwana Mwita akipanda ngazi mbio na kandambili za nyumbani. Wiki moja ilitokea mara tatu, mojawapo katikati ya taarifa ya habari. Mageni aliomba kompyuta iongezewe kumbukumbu. Bwana Mwita akasema tutaangalia. Mnaoishi nchi hii mnajua maana ya tutaangalia.

Basi akatafuta njia ya kuishi na ugonjwa bila kuuponya. Aliiwekea ile programu kikomo. Aliiagiza kompyuta kwamba programu ikifikisha gigabaiti mbili na nusu iuawe palepale, halafu iwashwe upya ikiwa na meza safi. Programu ikiamka inaendelea na kinachofuata kwenye foleni. Yote hayo sekunde arobaini.

"Iuawe?" nilimuuliza.

"Ndivyo tunavyosema."

"Na kile ilichokuwa inakirusha?"

"Kinapotea. Inakihesabu kimesharushwa."

Alikaa wiki mbili na daftari la shule, kila nusu saa akiandika meza imejaa kiasi gani. Alihesabu mpaka akapata mahali pazuri pa kukiweka kile kikomo, ili kukatwa kuangukie kwenye nyimbo za kabla ya saa mbili, pale ambapo hata wimbo ukikatika wasikilizaji wanadhani ni umeme. Ikawa hivyo. Miezi mitano kompyuta haikuganda hata mara moja, na kwenye kikao Bwana Mwita alijisifu kwa hatua alizochukua. Mageni alikuwa anaangalia dirishani.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana na mimi ninalo. Redio nyingine huanza kwa kumtaja aliyefariki, halafu mazishi, ndipo zinaorodhesha ndugu wanaopewa habari. Mimi niliupindua utaratibu huo miaka mingi iliyopita. Msikilizaji wetu hakai mbele ya redio. Redio imening'inia kwenye mti au kwenye baiskeli, yeye yuko nyuma ya ng'ombe. Ukianza na marehemu, mpaka yeye asikie jina lake, habari imeshapita. Kwa hiyo kwetu tunaanza na wanaoitwa, kila jina mara mbili, polepole, ili mtu apate muda wa kuifikia redio yake. Baadaye ndipo tunamtaja aliyekufa. Na wanaoitwa nao wana mpangilio: wa kwanza ni mzazi wa marehemu. Kama hana mzazi, mume au mke. Watu wetu wanaujua mpangilio huo kuliko wanavyoujua wimbo wa taifa. Nilijivunia sana jambo hilo.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, duara moja liliporomoka machimboni. Wachimbaji huita shimo lao duara. Watu wanne. Pamoja na vifo vya kawaida vya siku ile, alasiri tulipokaa kurekodi tulikuwa na matangazo tisa, na yale manne yalikuwa marefu kuliko kawaida kwa sababu kila familia ilitaka ukoo mzima uitwe. Nilisoma mpaka koo likakauka. Mageni aliyapanga yote, akatazama orodha, akasema, "Tisa. Mengi." Ni hilo tu alilosema. Mimi nilikuwa nawaza maji ya kunywa. Hakuna aliyeikumbuka ile meza.

Kesho yake saa moja na dakika kumi na nne nilikuwa nyumbani nakunywa chai, najisikiliza. Sauti yangu ilisema, "Tangazo la kifo. Anaitwa Mzee Bujiku Lushinge, Mzee Bujiku Lushinge wa Kishapu, popote alipo na ng'ombe wake. Anaitwa Suzana." Halafu kimya. Nilitazama redio, nikadhani ni betri. Baada ya muda likaja tangazo la sabuni ya unga, maana Bwana Mwita hupenda kupenyeza sabuni kila baada ya vifo vitatu, kisha nikasikia naanza kumsoma marehemu mwingine kabisa.

Nilipofika ofisini Mageni alikuwa ameshafungua kile kitabu ambamo kompyuta huandika matendo yake. Mstari ulikuwa pale, saa na dakika na sekunde, na neno moja la Kiingereza linalosema imeuawa. Alikuwa amepima lile tangazo pia. Sekunde thelathini na moja zilirushwa. Dakika mbili zilizobaki hazikurushwa.

"Aliyeitwa wa kwanza kasikia jina lake lote," alisema. "Hajasikia aliyekufa."

"Labda hakuwa anasikiliza."

"Labda."

Tulikwenda kwa Bwana Mwita tukamwomba tangazo lirudiwe saa ile ile. Akasema saa mbili kuna kipindi chenye wadhamini, hakiguswi, na kwa vyovyote vile litarudiwa saa saba mchana kama mengine. Mimi nilianza kubishana. Mageni alisema, "Haya," akarudi kwenye kiti chake. Nilimkasirikia kwa hilo, na bado nikikumbuka namkasirikia kidogo. Lakini na mimi nilibishana dakika mbili tu.

Saa saba lilirushwa lote, mpaka mwisho: kwamba aliyefariki ni Enock Bujiku, mchimbaji, mtoto wa mzee huyo, na kwamba mazishi yatakuwa kesho nyumbani kwao Kishapu, saa sita mchana. Mageni akachukua namba ya mleta tangazo, mjomba wa marehemu aitwaye Benjamini, akampigia. Simu aliiweka kwa sauti, nami nikasikia.

"Mzee hatujampata," Benjamini alisema. "Tumemtuma mtu mpaka kambini kwake mbugani. Wenzake wanasema asubuhi alisikia anaitwa, redio ikakata. Akasimama pale muda mrefu, akangoja. Ilipokuja sabuni akachukua fimbo akaondoka. Redio kaiacha. Hajasema anakwenda wapi. Sisi tulidhani anakuja nyumbani."

"Hajafika?"

"Hajafika, dada. Na hajui ni nani. Ana watoto watatu, wote wako huko huko kwenye dhahabu."

Mageni akamshukuru akakata simu. Jioni ile na kesho yake asubuhi tulirusha kila saa, Mzee Bujiku Lushinge popote alipo arudi nyumbani, na Mageni aliyarusha kwa mkono wake, ile programu akaiweka kando. Tulikuwa tunamwita mtu asiye na redio. Familia ikasogeza mazishi kutoka saa sita hadi saa kumi ili wamngoje. Zaidi ya hapo haikuwezekana, mwili ulikuwa umetolewa kwenye kifusi na joto lilikuwa kali. Kwa siku hiyo moja na nusu hapakuwa na jambo jingine redioni kwetu isipokuwa hilo: kama mzee atapatikana kabla ya saa kumi. Nilimtazama sana Mageni. Alikula chakula chake chote. Alifuta vumbi kwenye kompyuta. Saa tisa alimpigia Benjamini, saa tisa na nusu akampigia tena, akaambiwa ndugu wawili wa marehemu wamefika, mzee bado.

Saa kumi na robo nilisikia hatua kwenye ngazi, nzito, za mtu asiyezoea ngazi. Dada wa mapokezi alikuwa ametoka, hivyo nilikwenda mimi, na Mageni alikuwa nyuma yangu na kikombe. Aliyepanda alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shuka begani, katambuga za tairi miguuni, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea siku nzima, akalala kwa watu, akatembea tena mpaka akapata lori la pumba lililomshusha sokoni.

"Mwadila, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Shikamoo, mzee," nikamwitikia. "Karibu."

"Malahaba. Hapa ndipo kwenye ledio?"

"Ndipo."

"Nimeitwa," alisema. "Jana asubuhi. Mmenitaja mala mbili. Halafu mkanyamaza, mkaleta sabuni. Nimekuja."

Nilimvutia kiti. Hakukaa. Nikamletea maji, akayashika bila kunywa. Nilimuuliza kwa nini hakwenda nyumbani kwanza.

"Nyumbani nani ataniambia? Mama yao alishatangulia. Nyumba imefungwa. Aliyeniita ni ledio, ndiye mwenye kujua." Akageuka, akamtazama Mageni kana kwamba ameona ndiye mwenye ofisi. "Mmeniita wa kwanza. Kwa hiyo ni mwanangu. Ninao watatu. Athanas yuko Geita. Amosi anauza vipuri Buzwagi. Enock yuko Mwakitolyo. Pale senta niliomba simu ya mtu. Namba ninayoijua kichwani ni ya Enock, hawa wengine wanabadilisha laini kila siku. Ikasema haipatikani. Lakini ya Enock siku zote haipatikani, akiwa shimoni. Sasa niambieni ni nani."

Nilisema, "Mzee, tangazo tunalo, limerekodiwa lote. Njoo ndani nikuwekee usikilize." Nilisema hivyo kwa woga, nakiri. Nilitaka yule mimi niliyesoma juzi aseme kwa niaba yangu.

"Ledio nimeshaisikia," mzee alijibu. "Sema wewe." Wewe huyo hakuwa mimi. Alikuwa Mageni.

Mageni hakuwahi kumwambia mtu kifo. Miaka sita vilipita mikononi mwake, na hata kimoja hakikuwahi kupita mdomoni mwake, hata cha mama yake. Cha mama yake kilikuja kwa karatasi kutoka kwa kaka yake, akakipanga. Aliweka kikombe chini. Alikuwa mkavu usoni kama siku zote.

"Ni Enock, mzee."

Chini dukani mtu alikuwa anauliza bei ya pampu ya dawa, na tukasikia jibu lote.

"Enock tu?" aliuliza.

Mageni hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa.

"Enock tu," Mageni akasema.

"Athanas hayumo?"

"Hayumo."

"Na Amosi?"

"Hayumo, mzee. Wote wawili wako nyumbani kwako. Wanakungoja wewe."

Ndipo alipokaa. Alikunywa yale maji yote kwa mkupuo, akajipangusa mdomo kwa shuka. "Wabeja, mayu," akamshukuru, akarudia, "wabeja. Tangu jana nilikuwa nawalia wote watatu. Nilikuwa nikimtaja mmoja, naona nimemchagua mimi. Basi nikawa nawataja wote." Alisema kwa sauti ya kawaida, mtu anayeeleza njia aliyopita. Nilikuwa nalia, na sikuwa na haki ya kulia, kwa hiyo niligeukia dirisha.

"Mazishi lini?"

"Leo," Mageni akasema. "Saa kumi."

Wote watatu tulitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali hesabu aliyoletewa.

Nikamkonyeza Mageni anyamaze. Nilijua anachotaka kusema, nikaona hakuna haja, mzee amekwisha kupata mzigo wa kumtosha, tuseme umeme yaishe. Mageni aliniona nikimkonyeza. Akavuta kiti akakaa mbele ya mzee, magoti yao karibu kugusana.

"Mzee, haukuwa umeme," alisema. "Ni mimi. Ile mashine inajaa, ikijaa inazimika yote. Nikaiwekea kikomo, ikifika hapo ijikate yenyewe. Nilijua itakuwa inakata. Sikujua jana itakata wapi. Imekukata wewe."

Mzee alimtazama. Sikuona hasira. Alikuwa anafikiri, kweli kabisa, kama mtu aliyeulizwa ushauri.

"Basi ungeikata kabla ya jina langu," akasema.

Akasimama. Bwana Mwita, ambaye alikuwa mlangoni sijui tangu lini, alichukua funguo za gari bila kuambiwa, na hilo ni jambo jema pekee nitakaloliandika juu yake hapa. Walifika Kishapu giza likiingia. Baadaye Benjamini alitusimulia kwamba wanawe walimpokea njiani, mmoja kulia, mmoja kushoto, na kwamba mzee aliwashika mikono muda mrefu kabla ya kuuliza kaburi liko upande gani.

Mageni aliporudi kwenye kiti chake alikaa bila kugusa kitu. Nilimuuliza kama anajisikia vibaya. "Sijisikii," alisema, "ndiyo ubaya wenyewe." Halafu akavuta lile daftari la shule, akaandika maneno ya mzee kama yalivyosemwa, akayatazama.

Kikomo hakukiondoa, angekiondoa tungerudi kule kule kwenye kuganda, na redio nzima ingekufa badala ya tangazo moja. Alichofanya ni kuandika amri nyingine ndogo, akaiweka mbele ya ile ya kwanza. Kabla tangazo la kifo halijaanza, kompyuta inapima mezani pamebaki nafasi kiasi gani, na tangazo lenyewe ni kubwa kiasi gani. Likienea, linaanza. Lisipoenea, programu inajizima wakati huo, kabla ya neno la kwanza, inaamka na meza safi, ndipo tangazo linaanza. Ikishaanza kuita jina la mtu haikatwi tena mpaka imwambie yote. Alinieleza mara moja tu, na safari hii sikuhitaji kuelezwa kwa vyombo vya chakula.

Kwa hiyo asubuhi nyingine, katikati ya vifo, redio yetu hunyamaza sekunde arobaini. Bwana Mwita alitaka kimya hicho kijazwe muziki laini kutoka kwenye simu. Mageni alimwambia hapana. Wasikilizaji walipiga kulalamika, na tukawazoesha. Mama mmoja wa Kishapu alipiga akiwa na neno lake. Alisema kimya kile kinamtesa, ana watoto machimboni, na kwa sekunde zote zile anakaa hajui kama atakayeitwa ni yeye. Aliomba tukiondoe.

Nilimpelekea Mageni ujumbe huo kama ulivyo. Alikuwa anakula. Akaacha kula, akaweka kijiko chini.

"Mwambie siwezi," alisema. "Mwambie akiitwa, ataambiwa mpaka mwisho."